Lango Jekundu Miguuni pa Marehemu

Haya niliyasikia kwa Zakia, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka jana mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kudondoka. Alipanda kuja huku Kinjumbi kuniangalia mguu, akakaa siku tatu. Mguu wangu ulizungumzwa siku moja. Mbili zilizobaki zilikuwa za mumewe.

Mumewe ni Nurdin. Ni yule mzee mrefu wa Mitwero aliyekaa dirishani posta ya Lindi miaka thelathini na moja akiuza stempu, mpaka akastaafu. Yeye alistaafu, stempu zilikataa. Wenzake wakiacha kazi huoa mke wa pili, au hufuga kuku. Nurdin alifuga Wajapani.

Simaanishi watu, maana angefuga watu angalau wangemsaidia Zakia kuchota maji. Alifuga stempu za Japani, tena za zamani tu. Ukimpelekea stempu nzuri ya Uingereza yenye malkia wake, atakushukuru kwa adabu na kuiweka chini ya kikombe cha chai isimwagikie meza.

Ugonjwa ulimwingia kwa njia ya karanga. Duka moja la zamani la nguo, kule karibu na bandari ya Lindi, lilifungwa, na makaratasi yake yakauzwa kwa kina mama wa karanga wafungie. Nurdin, kijana wakati huo, akanunua karanga za kutafuna njiani. Kukunjua, karatasi ni bahasha, na juu yake stempu ya buluu yenye ngome na maandishi kama vijiti vilivyoangushwa. Bahasha ilitoka Japani, kwa mtu aliyekuwa akimletea mwenye duka kanga na vitambaa vya marekani kabla ya vita vikuu. Nurdin alizimwaga karanga barabarani, akarudi kwa yule mama, akanunua karanga zote pamoja na karatasi zote. Nyumba ilikula karanga wiki mbili. Zakia anasema mpaka leo akisikia harufu ya karanga tumbo linauliza, tena?

Kijapani hasomi. Barua ya Kiswahili yenyewe akiandika, Zakia anapitia. Lakini alijifundisha kwa kutazama. Kwanza anatafuta ua. Zile za zamani huwa na ua la duara, petali zake kumi na sita, nalo ni alama ya wafalme wao. Anahesabu kwa kioo cha kukuzia anachokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ua likiwepo, stempu ni ya kabla vita havijaisha, na Nurdin anaanza kupumua kwa mdomo. Ua likikosekana, na ukaona herufi zetu hizi zimeandika NIPPON, basi hiyo ni ya juzi juzi, wape watoto wabandike kwenye madaftari. Halafu anaiinua juani, maana karatasi nyingine za zamani zina nyuzi ndani, nyekundu na buluu, nyembamba kama nywele za mtoto. Mwisho anahesabu meno ya pembeni. Kuishika haishiki kwa vidole, kwa sababu vidole vina mafuta. Anatumia kibano.

“Kibano changu cha nyusi, mama mdogo,” Zakia aliniambia. “Tangu mwaka wa tisini na tano. Nitazame nilivyo.”

Nilimtazama. Kweli, palikuwa na kichaka.

Sasa, katika albamu yake kuna ukurasa wa ndugu watatu waliotoka pamoja: mlima wa kijani, lango jekundu na ngome ya buluu. Milima alikuwa nayo minne, ngome tele. Lango lilikuwa moja tu, na halikuwahi kupigwa muhuri. Yule mfanyabiashara wa Japani alilitia ndani ya barua, kwamba mwenye duka ajibu bila kuingia gharama. Biashara aliijua, lakini alisahau kwamba stempu ya kwao haiwezi kutoa barua Lindi. Basi lango likakaa ndani ya bahasha miaka tisini na zaidi, gundi yake mgongoni, halijamfikisha mtu popote. Nurdin aliliita mwari. Mgeni akija nyumbani anatolewa mwari kwanza ndipo aletewe chai, na haruhusiwi kumpumulia.

Mtu mmoja tu alikuwa akimpumulia mwari kwa makusudi, naye ni Alfonsi, fundi baiskeli, Mmakonde wa Newala aliyehamia Mitwero zamani. Nurdin ni Mmwera. Hao ni watani tangu mababu, na walivyokuwa majirani, utani ukapata na uzio wa kuegemea. Alfonsi akipita asubuhi anauliza wagonjwa wa Japani wameamkaje. Nurdin anamjibu kwamba wameamka salama na wamemwota Mmakonde amenawa.

Mwezi wa tisa shangazi yake Nurdin, Bi Asumini, alifariki hapo nyumbani. Alikuwa ametimiza miaka tisini na kitu, na hakuna mtu Mitwero ambaye hakuwahi kugombana naye. Watu walijaa, sijui kwa huzuni au kwa kuhakikisha.

Na penye msiba watani wana kazi yao. Wanamwigiza marehemu, wanawaigiza wafiwa, wanachukua vitu vya ndani na kuvifanyia mzaha, ili kilio kisije kikaua mtu wa pili. Shehe hapendi, lakini shehe naye ana watani. Sheria ni moja: mtani hakasirikiwi msibani. Ukikasirika, aibu yako itasimuliwa mpaka wajukuu zako waoe.

Marehemu alipokwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, akalazwa kwenye jeneza la msikiti, lile linalobeba kila mtu na kurudi, pale uani, kanga juu yake. Alfonsi akatoka ndani. Kichwani kofia ya Nurdin, shingoni kioo cha Nurdin, kwapani albamu ya Nurdin. Akalizunguka jeneza polepole kwa mwendo wa Nurdin, mgongo umepinda, anapumua kwa mdomo. Akaweka kioo juu ya kanga, akahesabu petali za ua la kanga mpaka kumi na sita, akatangaza kwamba huyu ni wa zamani kweli, wa kabla ya vita. Wanawake wakaanza kucheka ndani ya machozi. Kisha akapiga kelele kidogo ya kushtuka, akasema mzigo huu hauna stempu. Utafika kule, watautazama, wataurudisha. “Na Bi Asumini akirudishwa,” akauliza, “nani hapa atampokea?”

Hakujitokeza mtu.

Basi akafungua albamu kwenye ule ukurasa wa ndugu watatu, akamtoa mwari, akamlamba ulimi mzima, akambandika kwenye ubao wa miguuni wa jeneza. Akagonga ngumi juu yake, puu, kama muhuri.

Uani walicheka mpaka shehe akageukia ukuta. Nurdin alikuwa amesimama pale pale. Zakia anasema alimwona mumewe akifungua mdomo, akafunga, akafungua, kama samaki aliyetupwa kwenye ngalawa. Kukasirika hawezi. Kumbandua mwari mbele ya watu, miguuni pa shangazi yake, hawezi. Na kumbandua mkavu ndiyo kabisa hawezi, maana stempu haivutwi. Inalowekwa, taratibu, robo saa nzima. Ukiivuta kavu inakuachia ngozi.

Jeneza likainuliwa. Kwetu jeneza halibebwi na watu wanne tu, linapita mabegani, kila mtu anachukua hatua zake chache apate thawabu, anampisha mwingine. Nurdin alishika mkono wa nyuma, ubao wa miguuni ukiwa sikioni pake, hakumpisha mtu. Walimwambia pumzika mzee, hakupumzika. Alibeba kutoka uani mpaka makaburini, jasho linamtoka, jicho moja kwenye njia na jicho moja kwenye lango jekundu. Watu wakasema hawajaona mtu aliyempenda shangazi namna hii. Wengine wakajuta kwa kumsema vibaya Bi Asumini, maana kumbe alikuwa na wema uliojificha.

Baada ya maziko alikamatwa na mikono ya pole, na vijana wa msikiti wakaondoka na jeneza. Siku tatu za matanga hakutoka uani, maana mfiwa haachi mkeka. Alfonsi akapita kumwambia kwamba mwari anaweza kukombolewa kwa jogoo mmoja, atakwenda kumtoa yeye mwenyewe. Nurdin akajibu hajui anazungumzia nini. Aliona jeneza haliendi mahali. Msikitini liko, ubao uko, stempu iko.

Matanga yakavunjwa jioni ya siku ya tatu. Nurdin, aliyelala mkekani siku zote hizo, alilala kitandani kwa mara ya kwanza na swala ya alfajiri ikampita. Jua limechomoza ndipo alipofika msikitini na chupa ya maji na leso safi. Jeneza halikuwepo.

Kuna mama mmoja wa Mchinga, Bi Somoe, alikuwa ameletwa Mitwero kwa binti yake kwa ajili ya matibabu. Usiku ule alifariki, na alfajiri walimtia kwenye jeneza hilo hilo, wakampandisha kwenye gari, wakampeleka kwao akazikwe saa nne. Zakia mwenyewe alikuwemo garini na wanawake wenzake, jirani hakosi. Alitoka msiba mmoja akaingia mwingine bila kubadili kanga.

Nurdin alisimama pale akifikiri. Kama ni kaburini mwari hatafika, jeneza litarudi. Lakini litarudi lini, na kwa njia gani? Kwa kufutwa vumbi? Kwa mvua? Aliona mtu mmoja na tambara lenye maji, anasugua, na miaka arobaini ya maisha yake inaishia kwenye ndoo. Akaenda kwa Alfonsi, akasema jogoo yupo.

Alfonsi alikuwa hajanywa hata uji. Aliwasha pikipiki ya mteja wake, wakaondoka.

Mchinga walikuta turubai limefungwa, wanaume wamekaa chini yake, jeneza limewekwa kivulini linasubiri mchimba kaburi amalize. Mume wa marehemu, Mzee Iddi, alikaa kwenye kiti karibu na kichwa, macho makavu, hatazami kitu. Watu walisema tangu gari lifike hajasema neno. Nurdin akatoa salamu, akapita moja kwa moja miguuni, akapiga magoti. Lango lilikuwepo, limekwaruzwa kona moja tu. Akalowesha leso, akaibana pale ubaoni, na kwa kuwa mkono tu ungeonekana kituko, akaegemeza na paji la uso.

Sasa fikiria. Robo saa. Mzee mgeni, hajulikani na mtu, amepiga magoti miguuni pa Bi Somoe, uso ubaoni, leso imelowa inachuruzika mpaka chini. Kila baada ya muda anaongeza maji kutoka kwenye chupa iliyofichwa ndani ya kanzu, na watu wanaona leso inazidi kulowa tu. Walimwacha dakika tano. Walimwacha kumi. Ikafika mahali wafiwa wenyewe wakaanza kujiona wanalia kidogo.

Habari ikaingia ndani kwa wanawake. Zakia anasema ilipoingia ilikuwa mzee mmoja analia. Ilipofika kona ya pili ilikuwa mzee aliyekuwa akimpenda Somoe usichana wake. Ilipofika kwake, alikwisha kumposa mara mbili akanyimwa, akaapa hataoa.

“Ana nini shingoni?” Zakia akauliza.

Wakamwambia ana kioo, kwa kamba ya kiatu.

Zakia akavuta kanga usoni. Mama wa pembeni yake akamshika bega, akampa pole, akamwambia marehemu alikuwa mtu wa watu. Zakia akasema ndiyo, anaona.

Nje, Mzee Iddi alikuwa amesimama. Alitembea kutoka kichwani mpaka miguuni, hatua tano au sita, na wanaume wote wakazihesabu.

“Mzee mwenzangu,” akasema. “Mke wangu ulimjulia wapi?”

Nurdin akainua uso. Paji lilikuwa na alama nyekundu ya ubao. Akasema alikuwa anamwombea.

“Miguuni?”

 Nurdin angesema hakumjua, wangeuliza machozi ya nini. Angesema alimjua, angemvunjia marehemu heshima yake mbele ya mumewe, siku ya kuzikwa. Alfonsi ndiye aliyepiga hatua mbele, akavua kofia, akaeleza yote: Bi Asumini, utani, albamu, mzigo usio na stempu, jogoo. Alieleza bila kuongeza kitu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Hakuna aliyeamini. Uongo mtupu ungewaingia vizuri zaidi.

Basi Nurdin akaondoa leso. Lango lilikuwa limelegea. Akatoa kibano cha Zakia mfukoni, akalinyanyua kona kwa kona, likaja zima, akaliweka kiganjani. Akavua kioo shingoni akampa Mzee Iddi.

Iddi alitazama muda mrefu. Akauliza hili ua ni la nini. Nurdin akasema hesabu. Iddi akahesabu kwa sauti, taratibu, na wanaume wakajikuta wanamfuata midomoni mpaka kumi na sita. Akauliza lango ni la wapi. Nurdin akasema Japani, hajafika. Akauliza, na yule bibi wa kwanza, vipi?

“Hajarudishwa,” akasema Alfonsi.

Pembe ya mdomo wa Mzee Iddi ilitikisika. Halafu mabega. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekohoa, na nyuma yake, bila kusimama, yakaja machozi. Watu wake walimkimbilia, akawazuia kwa mkono. Alipotulia alimrudishia Nurdin kioo chake. Stempu hakuwa ameishika, ilikuwa bado kiganjani mwa Nurdin. Akasema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

“Miaka arobaini na mmoja sijamwandikia mke wangu barua. Nimwandikie ya nini, nikigeuka yupo. Leo ndiyo anakwenda mbali.”

 Akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Alfonsi anasema pale alimwonea mtani wake huruma, naye hana kawaida hiyo. Nurdin alikitazama kiganja. Angeweza kufunga ngumi, akaaga, akapanda pikipiki, na hakuna ambaye angemshika. Stempu ni yake, imetoka kwenye karanga zake. Alikaa vile mpaka mchimba kaburi akaja kusema tayari.

Miaka thelathini na moja dirishani, Nurdin aliwagombeza watu wasilambe stempu. Aliwawekea sponji kwenye kisahani, akaandika na tangazo. Siku hiyo, mbele ya wanaume wa Mchinga, akatoa ulimi. Akamlamba mwari kwa heshima, katikati na pembe nne, akambandika tena pale pale, kwa unyoofu, meno ya juu sambamba na ukingo wa ubao. Halafu akagonga ngumi mwenyewe. Imamu wa Mchinga alikuwa ameona kitu cha kutazama upande wa minazi.

Jeneza lilipoinuliwa Nurdin alibeba hatua zake tano, akampisha mwingine.

Lilirudi likiwa tupu, na ubao wa miguuni nao ulikuwa mtupu. Gundi ya kulambwa mara mbili haina nguvu. Alfonsi aliifuata njia mpaka kaburini na kurudi, ameinama, anapekua mchanga kwa mguu, na wanaume sita wa Mchinga nyuma yake wamepinda migongo hivyo hivyo. Stempu hawakuipata. Mzee Iddi, aliyekuwa akiwatazama, aliwaambia waache.

Nurdin na Alfonsi walifika Mitwero adhuhuri, na gari la wanawake likafika nyuma yao. Zakia alikuwa amejitayarisha njia nzima kwa maneno yake kuhusu mzee aliyeposa mara mbili. Alimkuta Nurdin mezani, albamu imefunguliwa. Mlima wa kijani, ngome ya buluu, na katikati mraba mweupe. Nurdin alikuwa na penseli. Ndani ya mraba, kwa yale maandishi yake ya risiti, aliandika: Imetumika, Mchinga, na tarehe. Kisha akafuta kibano kwa pindo la kanzu, akamrudishia mkewe. Zakia alikipokea, akayasahau maneno yake yote isipokuwa moja, akamuuliza kama na yeye atamposa mara ya pili. Nurdin akamwambia atafikiria, nyusi zikipungua.

Alfonsi alikuwa amejinyoosha barazani akisubiri jogoo wake apikwe, usingizi ukamkuta mdomo wazi. Nurdin alitafuta kwenye droo stempu moja ya siku hizi, ya kwetu, yenye twiga. Akailoweka kwenye sponji kama inavyotakiwa, akatoka, akambandika Alfonsi kwenye paji la uso. Chini yake, kwenye shavu, akaandika kwa kalamu ya wino: Newala. Alfonsi akaguna, akageukia ukuta. Nurdin naye akaenda kujitupa kitandani na kanzu yake, na kabla Zakia hajamvua kiatu cha pili alikuwa anakoroma.

Zakia akabaki na nyumba. Jogoo alikuwa bado anatembea uani, akamwacha atembee. Alikaa mezani na kioo, akaivuta albamu, akaiangalia ile ngome ya buluu ambayo miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama kwa karibu. Akatafuta ua, akalipata, akaanza kuhesabu. Anasema alifika kumi na moja, akapoteza alipoanzia, akaanza tena. Ya kumi na mbili anaikumbuka. Ya kumi na tatu, shavu lake lilikuwa tayari liko juu ya meza.